UZI: Mgonjwa ana mpira wa mkojo nyumbani. Namna ya kuutunza, kinachoharibika, na wakati wa kukimbilia hospitali

Sista_Ipogolo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wazee wengi wa tezi dume huku Iringa, Njombe na Mbeya wanaruhusiwa kutoka wodini wakiwa na mpira, wakisubiri zamu ya upasuaji. Wapo pia waliopooza na waliovunjika uti wa mgongo ambao watakaa na mpira miaka. Anayewatunza ni mke, mkwe au mjukuu, na mara nyingi ameelekezwa dakika tano tu mlangoni mwa wodi. Uzi huu ni wa hao. Wahudumu wenzangu, ongezeni na sahihisheni.

Kabla hamjatoka wodini, hakikisheni daftari la mgonjwa limeandikwa mambo manne: tarehe mpira ulipowekwa, namba yake, aina yake, na mililita ngapi za maji zimo kwenye puto, lile linaloushikilia mpira ndani ya kibofu. Namba ni unene wa mpira: mwanaume mzima kwa kawaida 14 au 16, mwanamke 12 au 14. Rangi ya ule mdomo wa nje wa kujazia puto inakuambia hata kama daftari limepotea: nyeupe ni 12, kijani 14, chungwa 16, nyekundu 18. Aina ndiyo inayoamua tarehe ya kubadilisha. Ule wa rangi ya udongo uliopakwa silikoni juu juu tu haupaswi kupita wiki nne. Wa silikoni tupu, unaoangaza kama kioo, unaweza kufika wiki 12 kama hauzibi. Nimeona daftari nyingi zimeandikwa "mpira umewekwa" basi, na nesi wa zahanati anayekuja kuutoa anabaki kubahatisha.

Sasa nyumbani. Mpira na mfuko ni njia moja iliyofungwa. Kila mnapouchomoa mfuko kutoka kwenye mpira mnafungua mlango, na vijidudu haviombi hodi mara mbili. Mfuko unabadilishwa kila siku 5 hadi 7, au ukivuja, au mpira mpya ukiwekwa. Siyo kila asubuhi kwa sababu mtu anataka kuusuuza. Siku ya kubadilisha: nawa mikono kwa sabuni, ukunje mpira kwa vidole mkojo usitoke, futa maungio kwa spiriti, chomoa, chomeka mpya bila kugusa ncha. Sekunde chache tu.

Kumwaga: usisubiri ujae. Ukifika nusu, au theluthi mbili ukichelewa sana, mwaga, kwa sababu mfuko wa lita mbili uliojaa una uzito wa kilo mbili na wote unavuta kibofu. Nawa, weka kopo safi chini, fungua koki, mwaga, koki isiguse mdomo wa kopo, futa kwa spiriti, funga, nawa tena. Kopo hilo ni la mgonjwa huyo peke yake.

Mfuko uwe chini ya kibofu saa zote, na usiguse sakafu. Hapa ndipo nyumba nyingi zinashindwa, maana mgonjwa analala kwenye godoro lililotandikwa chini. Mkojo haupandi mlima. Ukiweka mfuko sambamba na godoro, mkojo unabaki kwenye neli, unarudi ndani, na kibofu kinakaa kimejaa. Inueni godoro: matofali sita ya kuchoma, mbao juu yake, godoro juu ya mbao. Mfuko uning'inie kwenye ukingo wa mbao kwa kamba, na chini yake wekeni beseni kavu endapo utateleza. Neli ishuke moja kwa moja, isitengeneze kitanzi kinachoning'inia chini ya mfuko.

Kuosha ni mara moja kwa siku kwa maji na sabuni ya kawaida, na kila baada ya choo kubwa. Mwanamke anaoshwa kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanaume asiyetahiriwa, vuta govi nyuma, osha, kausha, halafu lirudishe. Govi lililoachwa nyuma linavimba kama pete na baada ya saa chache halirudi tena bila daktari. Msipake dawa za kuua vijidudu hapo, zinachubua ngozi na hazipunguzi maambukizi.

---

MkweKidugala

Asante sana Sista. Mzee wetu mkojo unavuja pembeni ya mpira, shuka linalowa kila usiku. Jirani anasema tukaombe wamwekee mpira mnene zaidi. Ni sawa?

---

Tabibu_Tukuyu

Ndugu MkweKidugala, pole kwa kumuuguza. Hapana, msikimbilie mnene. Mpira mnene unaudhi kibofu zaidi, kinajikunja zaidi, na mkojo unavuja zaidi. Halafu njia inapanuka na mkiongeza namba kila mwezi mtafika mahali hakuna namba ya kuongeza. Anzeni na haya, kwa mpangilio huu:

1. Mfuko unapata mkojo? Kama mfuko ni mkavu na shuka linalowa, mpira umeziba. Huo si uvujaji, ni dharura ya leo.
2. Fuateni neli kwa mkono kutoka kwa mgonjwa hadi kwenye mfuko. Amelalia? Imejikunja chini ya paja? Mfuko umejaa?
3. Ana siku ngapi bila choo kubwa? Choo kigumu kinakandamiza kibofu na mpira kwa pamoja. Hii ndiyo sababu ninayoiona kuliko zote kwa wazee wanaolala tu. Maji, uji, mboga, papai, na kama zimepita siku tatu aonwe.
4. Mpira umefungwa wapi? Usipofungwa pajani, kila akigeuka puto linagonga shingo ya kibofu na kibofu kinajikaza.

Yote manne yakiwa sawa na bado unavuja, basi kibofu kina mikazo. Kuna vidonge vya kukituliza, lakini kwa mzee vinaweza kuleta ukavu wa kinywa, choo kugoma na kuchanganyikiwa, kwa hiyo aandikiwe na daktari. Msinunue dukani.

Niongezee kwenye suala la kufunga, maana Sista amelipita. Kwa mwanaume, mpira ufungwe juu ya paja au chini ya tumbo, kwa plasta pana au mkanda wa kitambaa laini, na uachwe ulegee kidogo ili akinyoosha mguu usivute. Paja la kulia leo, la kushoto kesho. Mpira unaoning'inia wenyewe kwa mgonjwa asiye na hisia unakata uume taratibu kwa upande wa chini, kama uzi unavyokata sabuni. Mgonjwa aliyepooza halalamiki, kwa hiyo mnakuja kugundua pale tundu limeshashuka sentimita mbili. Kidonda hicho hakifungi chenyewe. Kila mnapomuosha, inueni uume mtazame upande wa chini.

---

MkweKidugala

Choo ana siku nne kweli. Na neli tulikuwa tunaipitisha chini ya mguu. Asante daktari.

---

Maabara_Vwawa

Naomba nami niseme la maabara, maana hapa ndipo pesa na dawa zinapotea.

Mpira ukishakaa mwilini, vijidudu vinaingia, mtake msitake. Kila siku asilimia fulani ya wagonjwa wanaongezeka, wastani wa 3 hadi 7 kwa mia, na mpira ukifikisha mwezi karibu kila mtu ana vijidudu kwenye mkojo. Vimejenga utando juu ya mpira, vinaishi humo. Kwa hiyo ukimpima mkojo mgonjwa yeyote mwenye mpira, kipimo cha karatasi kitaonyesha chembe nyeupe na naitraiti. Majibu hayo yanasomwa "ana UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo, anaandikiwa dozi, wiki mbili baadaye anapimwa tena, "UTI sugu", dozi nyingine kali zaidi. Mgonjwa hakuwa na ugonjwa. Alichopata ni vijidudu vilivyojifunza kuishinda dawa, na siku atakapougua kweli kabati la dawa liko tupu.

Mkojo wenye harufu au ukungu peke yake si ugonjwa. Kwanza mnywesheni maji. Tunatibu mgonjwa, hatutibu mkojo. Dalili zinazohesabika ni homa ya 38 na zaidi, kutetemeka, maumivu ya kiunoni upande wa figo, maumivu mapya juu ya kinena, au mzee aliyekuwa anaongea vizuri jana leo anaweweseka. Na hata akiwa na homa, mpimeni malaria na msikilizeni kifua. Mpira usibebeshwe lawama ya kila homa.

Akiwa na dalili, kipimo cha maana ni cha kuotesha vijidudu, na sampuli inachukuliwa hivi. Kama mpira umekaa zaidi ya wiki mbili, utolewe, uwekwe mpya, na mkojo wa kwanza kutoka mpira mpya ndio uje maabara. Utakusanya kijidudu chenye makosa, siyo utando wa zamani. Kama ni mpya, futa kwa spiriti kile kitufe cha kuchukulia sampuli kwenye neli, vuta kwa bomba la sindano. Usichukue mkojo wa kwenye mfuko, umeshinda humo kutwa nzima ukiota. Ufike kwetu ndani ya saa mbili, au ukae kwenye friji usizidi saa 24. Kutoka Ileje au milimani ambako gari ni moja kwa siku, afadhali mgonjwa aje mwenyewe kuliko kichupa.

---

DogoUyole

Mkuu, kwa hiyo ile dozi ya kila mwezi mzee anapobadilishiwa mpira haina kazi?

---

Maabara_Vwawa

Kwa wengi haina. Kuna wachache ambao daktari atawapa kwa kusudi: aliyewahi kupata homa kali baada ya kubadilishiwa, au mpira ulipoingia kwa shida akatoka damu. Hao wana sababu iliyoandikwa. Lakini dozi ya mazoea kwa kila mtu, hapana.

---

Duka_la_Dawa_Mafinga

Wakuu, upande wa dawa nina mambo matatu.

La kwanza, mafua. Juni hadi Agosti baridi ya Makete, Njombe na Mufindi inawafanya watu wameze dawa za mafua kama njugu. Nyingi zina dawa ya kuzibua pua na ya kukausha makamasi ndani yake. Ile ya kuzibua inakaza shingo ya kibofu, ile ya kukausha inalegeza msuli wa kibofu. Mzee mwenye tezi dume anayekojoa kwa kusuasua akimeza hizo jioni, asubuhi amefunga kabisa. Ulanzi mwingi wa msimu wa mvua nao unafanya kazi hiyo hiyo, kibofu kinajaa haraka mtu akiwa amelewa hasikii. Anayekuja dukani kumnunulia mzee dawa ya mafua namuuliza kwanza: mzee anakojoaje?

La pili, tamsulosini. Ni kidonge kimoja cha miligramu 0.4 kwa siku, baada ya mlo ule ule kila siku, kinamezwa kizima. Haipunguzi tezi, inalegeza shingo ya kibofu. Ndiyo maana mzee aliyefunga mkojo kwa mara ya kwanza anaanzishiwa siku mbili tatu kabla ya kujaribiwa kutolewa mpira, nafasi ya kukojoa mwenyewe inaongezeka. Siku za mwanzo inashusha presha akisimama ghafla, kwa hiyo akae kitandani kidogo kabla ya kuinuka kwenda choo cha nje usiku. Na kama anasubiri upasuaji wa mtoto wa jicho, lazima amwambie daktari wa macho kuwa anatumia au aliwahi kutumia dawa hii, kwa sababu inalegeza mboni wakati wa upasuaji.

La tatu, mafuta ya mgando. Msiyapake kwenye mpira. Mafuta yanakula mpira wa kawaida na puto linaweza kupasuka ndani. Kilainishi ni jeli ya maji tu.

---

Mama_wa_Makambako

Naomba kuuliza bila kuwatisha. Bibi ana mpira kwa sababu ya kupooza, mfuko umegeuka rangi ya zambarau kama wino. Majirani wanasema mengi. Bibi mwenyewe anakula na anaongea vizuri.

---

Tabibu_Tukuyu

Mama, tulia, hiyo inajulikana na haina uchawi. Chakula chenye protini kikikaa muda mrefu tumboni, bakteria wa utumbo wanazalisha kitu ambacho ini linakigeuza na figo zinakitoa kwenye mkojo. Bakteria wa kwenye mfuko wanakivunja, inatoka rangi ya bluu na rangi nyekundu, zinaingia kwenye plastiki ya mfuko. Zikichanganyika ni zambarau. Inawapata zaidi akina mama wazee wanaolala kitandani na wasiopata choo. Badilisheni mfuko, na mpira kama muda wake umefika, mtibu choo, mwongezeeni maji. Kama hana homa na hajachanganyikiwa, hahitaji antibayotiki.

---

Mama_wa_Makambako

Mungu akubariki. Choo ni shida kweli, nilikuwa sijaunganisha.

---

Sista_Ipogolo

Narudi kwa wenzangu wa zahanati, maana kuna mtu kaniuliza pembeni kuhusu kubadilisha. Mgonjwa mwenye njia inayojulikana kuwa nzuri mnaweza kumbadilishia hapo hapo. Aliyevunjika nyonga ana damu kwenye tundu la uume, aliyefanyiwa upasuaji wa tezi majuzi, au ambaye mara ya mwisho mpira ulishindikana, mpelekeni hospitali.

Mwanaume: jeli ya ganzi mililita 10 hadi 15 isukumwe taratibu, ubane kidogo, subiri dakika tatu hadi tano. Watu wanaweka jeli na kuingiza mpira sekunde hiyo hiyo, mgonjwa anajikaza, mlango wa mkojo unajifunga, halafu tunasema "tezi imegoma". Inua uume wima, unyooshe, sukuma polepole. Ukikutana na ukinzani mwambie akohoe au avute pumzi ndefu, usilazimishe. Mkojo ukianza kutoka usijaze puto bado. Endelea kuingiza mpaka pale mpira unapogawanyika pafike kwenye tundu. Ndipo ujaze. Puto lililojazwa ndani ya njia badala ya kibofuni linapasua njia, damu inatoka, na miaka mbele mtu huyo atakuwa na kovu linaloziba mkojo. Akilia maumivu wakati unajaza, acha, toa maji, ingiza zaidi.

Puto linajazwa maji ya sindano, kiasi kilichoandikwa kwenye mdomo wake, kwa kawaida mililita 10. Siyo maji ya chumvi, chumvi inaganda kwenye kijia cha puto na siku ya kulitoa maji hayatoki. Siyo hewa, puto la hewa linaelea na mkojo unabaki chini.

Na puto likigoma kutoka: chomeka bomba la sindano, liache lijivute lenyewe, usivute kwa nguvu kwa sababu kijia chembamba kinajibana. Likigoma, ongeza mililita moja au mbili za maji kisha subiri tena. Usikate mpira kwa mkasi, na usivute puto likiwa limejaa. Hapo ni rufaa.

Aliyekuja amefunga mkojo, andika kilichotoka. Kikizidi lita moja, apimwe figo na mkojo wake upimwe kila saa. Ukipita mililita 200 kwa saa, saa mbili mfululizo, mwili unatupa maji kuliko inavyopaswa. Alazwe, asirudi nyumbani na boda usiku huo.

---

DogoUyole

Wa bro wangu unaziba kila wiki mbili, ukitolewa ncha yake ina kama mchanga mweupe umeganda. Ana jeraha la uti wa mgongo.

---

Tabibu_Tukuyu

Ndugu, mchanga huo ni kazi ya aina fulani ya bakteria, Proteus ndiye mkubwa wao. Wanavunja urea kwenye mkojo, inatoka amonia, mkojo unakuwa na ualkali kama wa sabuni, madini yanaganda kwenye tundu la mpira. Huo mpira usisubiriwe wiki nne. Kama unaziba siku ya 14, panga kuubadilisha siku ya 11 au 12, kila mara, uandikwe kwenye kalenda ya ukutani. Ombeni wa silikoni tupu, tundu lake ni pana zaidi kwa namba ile ile. Anywe hadi mkojo uwe rangi ya chai ya mchaichai hafifu, kwa wengi ni lita mbili kwa siku, isipokuwa moyo au figo zimewekewa kipimo. Na apigwe picha ya kibofu, mara nyingi ana jiwe humo ndani.

Sasa sikia hili kwa makini. Kama jeraha lake liko usawa wa chembe cha moyo kwenda juu, mpira ukiziba mwili unapandisha presha kwa ghafla: kichwa kinagonga vibaya mno, uso na shingo vinakuwa vyekundu na jasho, huku miguu ni ya baridi. Hiyo inaweza kumpasulia mshipa kichwani. Mkalisheni wima mara moja, miguu ishuke, legezeni mkanda na nguo, nyoosheni neli, mwageni mfuko. Kama mkojo hautoki, mpira ubadilishwe sasa hivi, siyo asubuhi.

Na muulizeni daktari wake kama anaweza kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba usio na puto, mara nne hadi sita kwa siku, kila mara isizidi mililita 500. Mwenye mikono inayofanya kazi anaepuka mengi kwa njia hiyo.

---

DogoUyole

Mikono ni mizima kabisa. Hakuna aliyewahi kutuambia hilo. Na kama atawekewa wa tumboni?

---

Sista_Ipogolo

Wa tumboni, unaopitishwa kwenye tundu chini ya kitovu, unaokoa njia ya uume na ni rahisi kuubadilisha. Lakini jueni kitu kimoja: ukichomoka, tundu linaanza kujifunga ndani ya saa chache, na kama ni jipya halijakomaa, haraka zaidi. Funikeni kwa kitambaa safi, mwende hospitali papo hapo na mpira wa akiba wa namba ile ile mkononi. Kama mnaishi Ludewa ndani au Matamba, wa akiba uwe ndani ya nyumba siku zote, na nauli yake pembeni.

---

MkweKidugala

Wakuu nauliza la mwisho. Ijumaa tunampeleka Mbeya rufaa kwa basi. Mpira tufanyeje safarini?

---

Sista_Ipogolo

Mwageni kabla ya kupanda, na kila basi linaposimama. Mfuko msiuweke kwenye siti wala mapajani, ufungwe kwenye shavu la mguu kwa mkanda laini, chini ya goti, neli ipite ndani ya suruali pana. Akae siti ya mbele au ya pembeni mwa njia. Asinyimwe maji kwa kuogopa safari, ndiyo siku mpira unaziba. Bebeni mfuko mmoja wa akiba, spiriti, sabuni, chupa ya mdomo mpana ya kumwagia, na lile daftari. Saa tatu zikipita mfuko haujaongezeka na anasikia tumbo kukaza, shukeni hospitali iliyo karibu, msisubiri kufika.

---

MkweKidugala

Nimeandika yote. Choo amepata leo mchana, shuka la usiku wa jana lilikuwa kavu.